Mitungi Sitini ya Kilembo

Nchi hii haipo. Msomaji asipoteze siku yake kuitafuta kwenye ramani, na akiona kuna mahali inafanana na ile anayokaa yeye, afute miwani asome tena polepole.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo uliingia ugonjwa wa kifua ambao watu waliuita Kabari, kwa sababu aliyeupata alijihisi kama amegongomewa kabari ya mti katikati ya mbavu, pumzi haipandi wala haishuki. Serikali haikulipenda jina hilo. Ikatangaza kwamba jina sahihi ni Hali ya Kifua, na kwamba hali, tofauti na ugonjwa, haihitaji dawa. Inahitaji utulivu. Watu wakawa wanakufa kwa utulivu.

Wakati huo, ghorofa ya pili ya Wizara ya Afya, chumba cha mwisho karibu na choo kibovu, alikuwa anakaa Sefania Machumu, Mwandishi wa Majibu Daraja la Kwanza. Mbunge akiuliza swali kwa maandishi, Waziri hulijibu kwa maandishi. Ndivyo sheria ilivyosema. Sheria haikusema kwamba Waziri ana kalamu. Kalamu alikuwa nayo Sefania. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amejibu maswali elfu nne mia tatu na kumi, na hakuna muulizaji hata mmoja aliyewahi kuondoka akijua kitu ambacho hakukijua alipokuja. Kwa kazi hiyo alipewa nishani.

Mkono wake ulikuwa umezoea kiasi kwamba uliandika wenyewe huku yeye akiwaza mambo mengine. Ulianza kwa kumshukuru Mungu, ukamshukuru Mlezi Mkuu wa Taifa, ukamshukuru Waziri kwa kumshukuru Mlezi, kisha ukaeleza historia ya kitu kilichoulizwa tangu enzi za wakoloni. Baada ya hapo karatasi ilikuwa imejaa. Ikibidi kuahidi, mkono ulijua pa kuishia. Ukiandika gari la wagonjwa, hautaji injini. Ukiandika kisima, hautaji maji. Na Sefania hakuwa mwongo, kwa sababu kisima ukienda utakikuta.

Nyumbani mkewe, Bi. Melania, alikuwa ameshachoka.

"Baba Stella," alimwambia siku moja, "miaka ishirini na tisa ya ndoa sijawahi kupata jibu moja lililonyooka. Nikikuuliza kama chumvi imeisha, unanishukuru kwanza!"

"Suala la chumvi nimelipokea," akasema Sefania, na Melania akamrushia mwiko.

Basi Melania alikwenda Kilembo kumsalimia mama yake, amevaa sweta lake la kijani alilolifuma mwenyewe, na huko Kabari ikamkuta. Binti yao Stella alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, na mpaka ulikuwa umefungwa. Sefania akabaki na simu tu. Aliyempigia ni Sista Delfina, mkuu wa wodi ya Kilembo, ambaye kwa kumzoea Melania siku mbili tu alikuwa tayari anamwita dada.

"Shemeji, nisikudanganye. Wagonjwa kumi na mmoja, mtungi wa oksijeni mmoja. Nimeazima saa ya mezani ya jikoni. Kila mtu dakika ishirini, ikilia tunahamisha mpira kwa mwenzake. Dada yuko kitanda namba tisa."

Sefania akapiga hesabu. Zamu ya mkewe ilikuja kila baada ya saa tatu na dakika arobaini.

"Ataweza mpaka lini, Sista?"

"Wewe si ndiye wa wizarani, shemeji? Mimi nilitaka nikuulize wewe."

*

Yapo mambo mawili ambayo mtu wa nchi nyingine hawezi kuyajua bila kuelezwa.

La kwanza, katika kipindi cha Kabari maswali ya wabunge yaliwekwa karantini. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba swali linatoka kinywani, na kinywani ndimo Kabari inamotoka. Kwa hiyo kila swali lilipofika lilipigwa klorini kwa bomba la kupulizia pamba, likaanikwa kwa vibanio vya nguo katika ukumbi uliokuwa kantini, likakaa siku saba. Wino ukachuruzika. Wizara ikawa inajibu maneno yaliyosalia. Mbunge mmoja aliyeuliza habari za vifo vya wakunga alijibiwa kwa kirefu kuhusu neno "za".

La pili ni kwamba katika nchi ile Waziri hakosei bungeni. Siyo kwamba hasemi uongo, la. Jibu lake likishachapwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, ndiyo hali halisi, na kama hali yenyewe imechelewa kupata habari, inatumwa Kamati ya Ulinganifu kwenda kuirekebisha. Waziri wa Ujenzi aliwahi kujibu kwamba daraja la mto fulani lina matao matatu. Lilikuwa na mawili. Kamati ikaenda ikajenga la tatu pembeni, nchi kavu, na mpaka leo mbuzi wanalala humo. Wa Elimu alisema shule fulani ina maktaba ya vitabu elfu mbili. Kamati ikapeleka vitabu elfu mbili vya namba za simu, vyote vya mwaka mmoja. Ndiyo idara pekee ya Serikali ambayo magari yake hayajawahi kukosa mafuta.

Sefania alikuwa akiyajua haya yote, ila hakuwahi kuwaza kama yana faida kwa mtu, mpaka asubuhi ile karatasi iliyoanikwa ilipoletwa mezani kwake, imekakamaa kama samaki mkavu. Swali namba 417. Muulizaji Mheshimiwa Perpetua Nyakunga, Mbunge wa Kilembo. Yaliyosalia yalisomeka: "Hospitali ya Kilembo... mitungi mingapi... lini..."

Akaiangalia mpaka chai ikapoa. Kisha kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaandika namba ndani ya jibu: "Hospitali ya Kilembo ina mitungi sitini ya oksijeni, na kila mgonjwa amewekewa wake kando ya kitanda." Shukrani akaziweka mbele, historia katikati, mtego mwishoni. Mkono ulimaliza.

*

Waziri wa Afya, Mheshimiwa Daktari Profesa Balthazari Kitundumo, alikuwa amevaa barakoa tatu: moja ya pua, moja ya kidevu, na moja aliyoshika mkononi kwa ajili ya kuhutubia. Karatasi zilimfikia kwa koleo la mkaa kupitia dirishani.

"Machumu," akasema, "hii namba imeingiaje humu?"

"Ni sitini, Mheshimiwa."

"Naiona! Nilishasema sitaki namba. Ukitoa namba leo, kesho wanakuja kuihesabu. Andika 'ya kutosha'."

"Nilitaka kuandika hivyo, Mheshimiwa. Ila nikakumbuka Mlezi Mkuu mwezi huu ametimiza miaka sitini. Nikasema nikiifuta, halafu watu wakasema Wizara imefuta umri wa Mlezi..."

Waziri alisimama wima kama amesikia wimbo wa taifa.

"Kwa nini hukusema mapema? Iandikwe kwa herufi kubwa!"

Hivyo ndivyo SITINI ilivyoingia katika Hansadi. Kesho yake magari ya Kamati yalipita mbele ya Wizara yakielekea Kilembo, malori manne yamefunikwa maturubai, na Sefania, mzee mzima, akayapungia mkono dirishani huku machozi yanamtoka. Akampigia Sista. Sista akamwekea simu Melania sikioni.

"Mama Stella, inakuja. Sitini. Vumilia."

Kwa muda ilisikika pumzi tu, kama mtu anayeburuta gunia kwenye changarawe. Kisha Melania akasema, "Umewajibu... kweli?"

"Nimewajibu."

"Haya," akasema, na ilionekana kama anacheka, au saa ya jikoni ilikuwa inalia.

*

Simu ya Sista ilikuja jioni ya siku iliyofuata.

"Shemeji, imefika. Nimehesabu mwenyewe, sitini kamili. Wamepima kwa futi, kila kitanda kina wa kwake kando. Iliyozidi wameipanga mpaka uani."

"Mungu mkubwa! Sasa mbona unasema hivyo?"

"Ni mitupu, shemeji."

"Mitupu vipi?"

"Mitupu. Ukiugonga unalia kama debe. Nikamuuliza mkuu wao, Bwana Ezironi Tambo, akatoa Hansadi mfukoni, akaniambia, 'Mama, nionyeshe palipoandikwa kwamba ina kitu ndani.' Nimesoma mara tatu. Hapakuandikwa."

Sefania akavuta nakala. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Mungu alishukuriwa. Mlezi alishukuriwa. Sitini ilikuwepo, kwa herufi kubwa. Kando ya kitanda ilikuwepo. Imejaa haikuwepo.

Hakuna adui aliyeiondoa, wala mpiga chapa hakuisahau. Mkono wake ulifika pale, ukakuta kisima, na kwa mazoea ya miaka thelathini na moja haukutaja maji.

"Shemeji, uko hapo? Kuna lingine. Ukiuhesabu na ule wetu wa zamani wenye hewa, inakuwa sitini na moja. Walitaka kuuchukua, wanasema umezidi. Nimeufunika shuka nikawaambia ni marehemu. Wamevua kofia wakaondoka."

*

Kesho yake asubuhi Sefania alimngojea Mheshimiwa Perpetua kwenye ngazi za Bunge. Wabunge walikuwa wanaingia kwa zamu, mmoja mmoja, wakinyunyiziwa.

"Mheshimiwa, naomba uniulize swali la nyongeza."

Mama yule alikuwa na sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya bonde. "Mzee Machumu! Miaka kumi na miwili nakuuliza, unanijibu kama mtu anayeongea na ukuta. Leo wewe ndiye unayeomba kuulizwa?"

"Uliza kama mitungi ya Kilembo ina hewa. Tafadhali. Na uandike kwa penseli, haichuruziki."

Mbunge alimtazama. "Una mtu Kilembo?"

"Suala hilo..." Sefania akaanza, akajing'ata. "Ndiyo. Mke wangu."

Mheshimiwa Perpetua akaandika hapohapo, karatasi kaiweka juu ya paja, na wala hakumtania tena.

Maswali ya nyongeza, kwa kuwa ni mafupi, yalikaa karantini siku tatu tu. Sefania alizikaa siku mbili kati ya hizo nje ya wavu wa kantini, akiliangalia swali lake linavyoning'inia kwenye kamba kati ya swali la mbolea na swali la vivuko. Bwana Afya aliyesimamia, kijana wa watu mpole aitwaye Kasembe, alimletea benchi.

"Lishushe, mwanangu. Limekauka lile."

"Mzee wangu, likitoka kabla ya muda likamwambukiza Waziri, nani atajibu maswali?"

"Kwani sasa hivi anajibu nani?"

Kasembe akafikiri sana. "Hilo nalo ni swali," akasema. "Ukitaka, liandike tulianike."

Sefania akaona heri aandike jibu. Akaweka karatasi kwenye benchi, akashika kalamu, akautazama mkono wake wa kulia kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemng'ata mtoto. Akahamishia kalamu mkono wa kushoto, ambao haukuwahi kuajiriwa na Serikali. Ukaandika kwa shida, herufi zimeinama huku na huku, lakini uliandika kila kitu: "Mitungi yote SITINI ya Hospitali ya Kilembo imejaa hewa ya oksijeni mpaka juu, na ikipungua hujazwa siku hiyohiyo." Akasoma mara kumi akitafuta tundu. Halafu, kwa kuogopa tundu asiloliona, akaongeza: "Mgonjwa wa kitanda namba tisa, Bi. Melania Machumu, yu hai, anapumua mwenyewe, na amerudi nyumbani kwa mumewe."

Waziri alishangaa mwandiko. "Na huyu Melania ni nani?"

"Ni mfano hai wa mafanikio ya Wizara, Mheshimiwa."

"Safi. Mifano iongezwe." Akatia sahihi kwa koleo.

Siku ya Jumatano jibu likaenda kwa mpiga chapa, litoke Alhamisi. Jumatano hiyohiyo, saa tatu asubuhi, Sista Delfina alipiga simu. Hakusema shemeji. Alisema, "Baba," na nyuma yake saa ya jikoni ikawa inalia, inalia, hakuna anayeizima.

"Ilikuwa zamu ya nani?" Sefania aliuliza.

"Ya namba nane. Bado dakika sita ifike kwake."

Sefania alishuka ngazi akaenda mpaka kwa mpiga chapa, akasimama mlangoni. Mashine ilikuwa bado haijawashwa. Angeweza kulichukua jibu akalirekebisha. Lakini jibu likirekebishwa linakuwa jibu jipya, na jibu jipya lataka swali jipya, na swali jipya lataka siku tatu kwenye kamba. Kilembo walikuwa wamebaki wagonjwa kumi na ile saa ya mezani.

"Kuna cha kurekebisha, mzee?" mpiga chapa akauliza.

"Hakuna," akasema Sefania. "Chapa."

*

Ijumaa malori yalifika Kilembo, na safari hii mitungi ilikuwa imejaa mpaka juu, kama ilivyoandikwa. Wagonjwa kumi wakapumua wote kwa pamoja, bila zamu, na Sista Delfina akairudisha saa jikoni.

Siku hiyohiyo Sefania alimzika mkewe. Ofisi ya wilaya ilimnyima kibali kwa jina la Melania Machumu, kwa kuwa Hansadi ya jana yake ilisema yu hai na anapumua mwenyewe, na karani hakuwa na mamlaka ya kubishana na Bunge. Baada ya kubembelezana sana akapewa kibali cha "Mwanamke, Mtu Mzima". Sefania akatia sahihi. Stella alisikiliza mazishi kwa simu.

Wiki moja ikapita. Jumamosi, jua la saa nne, gari la Kamati ya Ulinganifu likasimama mbele ya nyumba yake. Akashuka Bwana Ezironi Tambo, amebeba jalada. Nyuma yake akashuka mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa sweta la kijani.

"Mzee Machumu, tumemleta mama."

"Mama gani?"

"Mama wa nyumba hii. Wa kwenye jibu."

"Mke wangu nimemzika."

"Ulimzika Mwanamke, Mtu Mzima," akasema Bwana Ezironi kwa upole, akifungua jalada. "Kibali hiki hapa na sahihi ni ya kwako. Sasa tusiifanye kazi iwe ngumu, mzee. Weka sahihi hapa kwamba amepokelewa akiwa hai na anapumua mwenyewe. Tutakuwa tunapita kukagua."

Yule mwanamke akakohoa, akafunika mdomo kwa ukosi wa sweta. Sefania alilijua sweta lile mpaka pale kwenye kiwiko palipofumwa kwa uzi wa rangi nyingine. Akatia sahihi, kwa sababu aliona mama wa watu anasimamishwa juani.

Ndani, alimpa maji. Nje gari lilikuwa bado linanguruma.

"Unaitwa nani, mama?"

Mwanamke alitupia jicho dirishani. "Melania," akasema. Akatoa kikaratasi mfukoni, akakiangalia. "Nimeambiwa nikuite Baba Stella."

"Kwenu hawakutafuti?"

"Walinitafuta. Walijibiwa kwamba sikuwahi kulazwa." Akanywa maji kidogokidogo, kama bado anaogopa saa italia. "Nilikuwa namba kumi. Mpira ulikuwa ukitoka kwa namba tisa unakuja kwangu. Saa ilikuwa haijalia bado, yeye anauvua. Sista anamgombeza, yeye anacheka."

Sefania akakaa.

"Alisema chochote?"

"Alisema akifika nyumbani ana swali moja la kukuuliza."

"Swali gani?"

Mwanamke alitazama tena dirishani. Kisha akaweka glasi chini, akavuta sweta likakaa vizuri mabegani, akanyoosha mgongo, kama mtu anayeanza kazi aliyopangiwa.

"Baba Stella," akasema, "kwa nini hukuandika imejaa?"

Sefania alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, wa kulia na wa kushoto. Kinywa kikaanza chenyewe.

"Kwanza kabisa," akasema, "napenda kumshukuru..."

Mwanamke akavuta kiti, akakaa mbele yake, akasubiri.